Nyama ya Pua Iliyozikwa

Kazi yangu ni kunusa maziwa. Ukicheka hutakuwa wa kwanza. Yule karani wa kaunti aliyekuja kutuandikisha aliniuliza mara mbili, kisha akaandika "biashara ndogondogo" na kupita zake. Aandike anavyotaka. Maziwa ya ngamia kutoka malishoni hufika kwetu Garissa asubuhi, ndani ya jerikeni za njano, na kabla hayajamiminwa kwenye pipa la kwenda Nairobi, kila jerikeni hupita mbele yangu. Nafungua kifuniko, navuta pumzi mara moja, nasema. Nikisema pipa, yanaingia pipani. Nikisema susa, yanawekwa kando yachachuke, maana yana wanywaji wake. Nikisema mwaga, yanamwagwa, na hakuna anayebisha.

Usidhani ni kazi nyepesi. Kwetu jerikeni haioshwi kwa maji peke yake. Mwanamke anayepokea maziwa kule porini huingiza vijiti vinavyowaka mdomoni mwa jerikeni, moshi ukajaa ndani, ndipo atie maziwa. Moshi ule huyatunza njiani na watu wetu wanaupenda, lakini huficha maovu pia. Maziwa yaliyoanza kuharibika hujibanza chini ya moshi, na mimi kazi yangu ni kuyafichua. Jerikeni moja mbovu ikipenya, pipa zima limekwenda, na pipa ni la akina mama kumi na mmoja, wengi wajane kama mimi. Ndiyo maana anayenusa hupewa kigoda kando ya pipa, na akishakaa pale hata mwenyekiti wetu humwamkia kwanza.

Kigoda hicho nilikikalia miaka minane. Nilikipenda kuliko ninavyopaswa kukiri.

Pua ilianza kuniziba polepole, upande wa kushoto, kisha pande zote mbili. Nilidhani ni vumbi. Nani Garissa hana vumbi puani? Kifua changu nacho kina pumu tangu nikiwa mtoto, kwa hiyo kuhangaika na pumzi nimekuzoea. Nikawa nalala mdomo wazi na kuamka ulimi mkavu. Halafu asubuhi moja nikafungua kifuniko, nikavuta pumzi, nikakuta hakuna kitu. Si harufu nzuri, si mbaya. Nilirudia mara ya pili nikijifanya nasafisha koo. Ilikuwa kama kubisha hodi kwa mtu unayemjua na nyumba nzima ikanyamaza.

Hapo ndipo ningesema. Wallahi ningesema, mengi yaliyofuata yasingenipata. Lakini niliogopa kuondolewa kigodani, nikaanza kuwachezea wenzangu shere. Nikaacha kunusa, nikawa nasoma nyuso. Mwanamke mwenye maziwa mazuri huitua jerikeni kwa kishindo na kukutazama machoni. Mwenye wasiwasi huiweka taratibu na kuanza kukuuliza hali ya mama yako. Nilikisia hivyo majuma kadhaa nikapatia, mpaka nikajiona mjanja. Kisha akaja mama mmoja mgeni wa kazi, asiyejua kwamba maziwa yake yameharibika, akanitazama machoni bila hofu yoyote. Nikasema pipa.

Pipa lilirudishwa kutoka Nairobi kifuniko kimevimba. Mwenyekiti wetu ni mwanamke mfupi asiye na mchezo, lakini siku hiyo hakunigombeza. Alikifungua kifuniko mbele yangu akasema, "Abaayo, nusa." Abaayo ni dada, ndivyo wanawake tunavyoitana. Nikainama, nikavuta, nikainuka nikiwa nimejikaza. Nilipotazama pembeni niliwaona wenzangu wote wamejiziba pua kwa ncha za shungi zao. Mimi peke yangu nilikuwa nimesimama uso wazi.

"Nenda ukatibiwe," mwenyekiti akasema. "Pua ikirudi, kigoda chako kipo. Isiporudi, utakuwa unaosha jerikeni."

Hakusema kwa ubaya. Nilirudi nyumbani nikalia, na kulia pua ikiwa imeziba ni adhabu nyingine, maana machozi yanakosa pa kupita. Nilikuwa na miaka arobaini na tano na kitu kimoja tu duniani nilichokijua kuliko watu wengine, na kitu hicho kilikuwa kimenitoka.

Daktari wa pua na masikio huja mjini kwetu kwa zamu. Aliniingizia mrija mwembamba wenye taa, akanigeuzia kioo nami nione. Mle ndani kulikuwa na vitu vya kijivu vinavyong'aa, vimebanana kama macho ya mbuzi yaliyochemshwa. Nilipovuta pumzi, kimoja kilitikisika. Nikaacha kupumua.

"Ni nyama za pua, mama," daktari akasema. "Polipu. Utando wa ndani umevimba mpaka ukaning'inia. Tutazitoa." Kisha akaongeza kwamba zikitoka ni lazima zipelekwe maabara, kwa sababu anataka kujua zimejazwa na chembe za aina gani. Kuna aina ambazo mtu akiwa nazo, nyama hupenda kurudi. Mimi nilisikia "tutazitoa". Hayo mengine yalipita juu ya kichwa changu.

Nilipozinduka baada ya upasuaji nilikuwa na pamba puani, na pembeni ya kitanda ameketi hooyo. Hooyo ni mama kwa Kisomali, na yeye pia huniita hooyo, kwani kwetu mzazi humrudishia mtoto jina lile lile. Mama yangu alizaliwa upande wa Kutulo, akachunga ngamia mpaka ukame ulipowamaliza, ndipo akaja kuishi nami. Kiswahili anakielewa pale anapotaka. Mkononi alishika chupa ndogo yenye kifuniko chekundu, na ndani yake vile vitu vya kijivu vinaogelea kwenye dawa. Muuguzi alimpa na karatasi, akamwelekeza maabara iliyo upande wa pili wa mji. Jambo la kawaida; mgonjwa amelala, ndugu anapeleka.

Akaenda. Alirudi baada ya sala ya alasiri, kucha zimejaa udongo.

"Umeipeleka?" nikamuuliza.

"Nimeipeleka panapoistahili," akajibu, akaanza kunipepea.

Kwetu nyama ya mtu haitupwi. Jino, kidole kilichokatika, mimba iliyoharibika, vyote vina haki ya udongo. Sheikh yeyote angemwambia aanze maabara, udongo baadaye, wala hakuna dhambi. Lakini hooyo hakumuuliza sheikh. Aliifunga ile nyama katika kitambaa cheupe, mafundo matatu, akaizika nyuma ya nyumba yetu karibu na ua wa miiba, akaweka jiwe juu. Karatasi ya maabara aliwashia jiko.

Ningeweza kukasirika. Nilicheka, na kicheko kilinitonesha. Daktari aliporudi zamu iliyofuata na kuniuliza majibu, nilimwambia walisema ni safi. Karatasi je? Imepotea. Alinitazama kidogo, akaandika kitu, akanipa chupa ya dawa ya kupulizia puani, akanisihi nisiiache hata nikijisikia mzima. Niliitumia majuma matatu, nikaiacha, kwa kuwa nilijisikia mzima.

Na nilikuwa mzima kweli. Siku ya tisa baada ya upasuaji nilikuwa jikoni nikasikia harufu ya iliki. Nikaketi chini sakafuni. Baada ya iliki ukaja uunsi, ule ubani wetu wa kufukiza nguo, kisha jasho langu mwenyewe, kisha mbuzi wa jirani. Nilizunguka nyumba nikinusa mito na viatu. Nilimkumbatia hooyo nikamnusa shingoni, akanisukuma akisema nimerukwa na akili. Juma lililofuata nilikalia kigoda changu, nikafungua jerikeni ya kwanza, na chini ya moshi nikayasikia maziwa yametulia, matamu, hayana lawama. Nikasema pipa.

Miezi minne. Basi.

Ilianza adhuhuri moja ya Ijumaa. Nilikuwa nakunja mkeka nikasikia harufu ya udongo mbichi, uliofukuliwa sasa hivi. Sasa, mvua ilikuwa haijanyesha tangu tusahau. Vumbi lilikuwa linafika kwenye vifundo vya miguu. Nilitoka nje nikatazama mbingu, nyeupe, kavu. Nikamuuliza hooyo kama anasikia harufu ya mvua. Akasema hapana, akaniangalia vibaya.

Kesho yake ilinikuta sokoni, ikakaa juu ya maziwa. Nikawauliza wenzangu, hakuna aliyeisikia. Ikanifuata kwenye chai, kwenye shungi, kwenye mto wa kulalia. Nikaanza kuitafuta inakotoka, nikivuta hewa kona hadi kona, na nilivyokaribia ua wa miiba ndivyo ilivyozidi. Pale penye jiwe la hooyo nikasimama. Ardhi yote ya uani ilikuwa imepasuka kwa jua, isipokuwa duara moja kuzunguka lile jiwe, upana wa sinia. Duara hilo lilikuwa jeusi. Nikainama nikaligusa kwa kidole, lilikuwa bichi na baridi.

 Niliingia ndani nikafunga mlango, mchana kweupe, jua la kuchoma.

Kesho yake nilichungulia dirishani. Hooyo alitoka na birika lake, akachuchumaa kando ya jiwe, akatawadha. Maji yalimtiririka viwiko, yakaingia udongoni. Nikacheka peke yangu kwa ule ujinga wangu wa kuogopa maji ya udhu. Nikamfuata.

"Hooyo, mahali pote hapa, kwa nini utawadhie pale?"

Aliendelea kuosha mguu wa kushoto, vidole kwa vidole. "Ina kiu," akasema.

"Nini ina kiu?"

"Nyama yako."

Sikucheka tena. Nilitamani lile duara libaki bila maelezo.

Baada ya hapo pua ikaanza kuziba upya. Harufu ziliniaga moja moja kwa mpangilio ule ule niliozipata: iliki ikaondoka, uunsi ukaondoka, mbuzi wa jirani akaondoka. Kigodani nilikazana siku kumi, ndipo nikamwambia mwenyekiti mwenyewe, kabla ya kuharibu pipa la pili. Aliniwekea mkono begani, akanionyesha jerikeni za kuosha. Kitu ambacho sikumwambia ni kwamba harufu moja ilibaki. Maziwa siyasikii, moshi siusikii, lakini udongo uliofukuliwa nausikia. Niliziba pua kwa vidole viwili nikaibana mpaka ikauma, na bado nikausikia. Sasa niambie, mtu amebana pua, harufu inaingilia wapi?

Hooyo alikuwa na jibu lake. "Hatukuiosha," akasema siku moja tukinywa chai. "Tumeizika bila kuiosha. Haikutulia." Akataka tuifukue, aioshe, aisomee, aizike tena sawasawa. Mimi niliyemaliza kidato cha nne, mimi ninayemtafsiria kila mtu maneno ya daktari, ndimi niliyekwenda kuazima jembe.

Tulifukua saa tisa alasiri. Hooyo aliondoa jiwe, mimi nikalima. Udongo ulikuja kwa urahisi, mweusi, unashikana. Kina cha mkono mmoja hivi, jembe likagusa kitambaa. Kilikuwa kimegeuka rangi, lakini mafundo matatu yalikuwa yamekaza kama alivyoyafunga. Hooyo akakipokea kwa mikono miwili. Nikaona uso wake ukibadilika, maana hakikuwa na uzito. Mafundo yakamshinda vidole, akayafungua kwa meno.

Ndani hapakuwa na kitu. Hapakuwa na kipande, wala doa. Nikakinyakua nikakiinua juani nikitafuta tundu la mdudu, nikakizungusha upande huu na ule, sikuliona.

Nilitegemea mama yangu atachakura lile shimo. Hakulitazama hata kidogo. Aliinua macho taratibu akaitazama pua yangu, akaitazama muda mrefu, kisha akajisogeza nyuma, hatua moja, ya pili, mpaka mgongo ukagusa miiba ya ua. Mama yangu mzazi aliniogopa. Nimemsamehe mengi, lakini ile hatua ya pili bado inaniuma.

Zamu ya daktari ilipofika nilimweleza yote. Chupa, jiko, kitambaa, uongo wangu. Nilidhani atanifokea. Aliweka kalamu chini.

"Mama, kilichorudi hakikutoka ardhini," akasema. "Hakikuwa kimeondoka. Mimi nilikata zile nyama zinazoning'inia. Utando unaozitengeneza bado uko nawe, na kuna chembe ndani yake zinazouambia uvimbe. Zikibaki zinasema, utavimba tena. Ndiyo maana nilitaka zisomwe."

Alisema kunituliza. Mimi nikaona heri habari za kitambaa, kwa sababu kitambaa kiko nje, unaweza kukichoma. Kuhusu ile harufu ya udongo, akasema neva za kunusa zikibanwa au zikichoka huweza kutoa harufu ambayo haipo, na kila mtu humjia ya kwake. Nikamuuliza kwa nini mimi imenijia ile. Akasema hajui.

Nikapasuliwa mara ya pili. Safari hii chupa niliibeba mwenyewe siku iliyofuata, na pamba puani, kwa miguu yangu, na hooyo nyuma hatua nne au tano.  Mtaalamu wa maabara alikuwa kijana wa watu wa Bute, mwenye adabu. Alimwita hooyo eeddo, shangazi, akampa kiti, akamweleza kwa Kisomali kwamba atakata vipande vyembamba tu, na kitakachobaki atamrudishia akizike apendavyo. Hooyo aliinamisha kichwa.

Majibu yalipokuwa tayari aliniita nije niangalie. Nadhani alinihurumia. Nikaweka jicho kwenye hadubini, hooyo amesimama mlangoni. Mwanzoni ni waridi tu, waridi kila mahali, kama nguo nyeupe iliyofuliwa na nyekundu. Kisha jicho likazoea. Zilikuwa chembe, nyingi, kila moja ina kiini kilichogawanyika mara mbili, na mwili umejaa punje nyekundu zinazong'ara. Zimebanana, hazina hata pa kugeukia. Nikaanza kuzihesabu nikapotea.

"Hizo ni eosinofili," akasema. "Ni chembe nyeupe za damu, za ulinzi. Kuna watu ukikata polipu zao unakuta nyingi ni aina nyingine, nyutrofili, zile zinazokimbilia vijidudu na usaha, na mwenendo wao ni tofauti. Zako, abaayo, karibu zote ni hizi nyekundu."

"Zinafanya nini humo?"

"Zinapigana."

"Na nani?"

 "Hayupo," akasema. "Ndiyo shida yenyewe. Zimeitwa kupigana na adui, zikaja, adui hayupo, na haziondoki. Punje zao ndizo zinazouchoma utando."

Akanieleza, polepole, kwamba mtu mwenye hizi kwa wingi, na pumu juu yake, nyama humrudia mara nyingi zaidi kuliko mwingine. Si hukumu, akasema. Wapo wanaokaa miaka. Lakini dawa ya kupulizia haiachwi, na pua huoshwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, na ukiona dalili unakimbia. Kama ile nyama ya kwanza ingefika hapa, daktari angelijua hilo mapema, asingeniacha nijidai mzima. Nilimsimulia na habari za kile kitambaa kitupu, akasema eti nyama ililiwa na unyevu na wadudu wadogo. Eeddo alikuwa anakimwagilia maji mara tano kwa siku. Nikamwambia sikuona tundu. 

Hooyo akaja mezani. "Nataka kuona," akasema. Akainamia hadubini akakaa pale muda mrefu hata kijana akanitazama.

"Zinatembea?" akauliza bila kuinua kichwa.

"La, eeddo. Zimekufa. Hicho ni kipande cha juma lililopita."

"Lakini kwake bado zinakuja."

"Ndiyo, eeddo."

"Nani anaziita?"

 "Hilo hatujalijua vizuri," kijana akasema. Akafungua droo akatoa kile kilichobaki, akakifunga vizuri ampe kama alivyoahidi. Hooyo akarudisha mikono ndani ya shungi. Mwanamke aliyeizika nyama yangu ya kwanza kwa nguvu, hii ya pili hakutaka hata kuigusa. "Kaa nayo wewe," akamwambia.

Harufu ya udongo haikurudi baada ya hapo, alhamdulillahi. Maziwa yakarudi. Hooyo naye akarudi, kidogokidogo. Akaanza kukaa karibu nami, akaanza kunisuka nywele, na asubuhi ananichemshia maji ya chumvi kabla sijaomba. Dawa sikuiacha hata siku moja. Nilikuwa naipulizia hata kwenye gari, watu wakinitazama.

Kigodani sikurudi kwa ujanja. Niliwakusanya wenzangu wote kumi, nikawaeleza kwamba pua hii inaweza kuondoka wakati wowote bila kuaga, na kwamba safari ya kwanza niliwadanganya nikisoma nyuso zao. Mmoja alisonya. Mwenyekiti akatoa shauri lake. Kila asubuhi, kabla ya jerikeni ya kwanza, angeniwekea vikombe viwili, kimoja cha maziwa mazuri na kimoja cha yaliyoharibika, chini ya kitambaa, mimi nikiwa nimefumba macho na yeye akivibadilisha apendavyo. Nikipatia, nakaa. Tukakubaliana hivyo.

Sijui kama unaelewa maana ya kufanyiwa mtihani kila siku ya Mungu kuhusu kitu ulichonacho mwilini. Nilikuwa naamka kabla ya alfajiri nanusa mkono wangu. Njiani nanusa shungi. Nikifika naketi, nafumba macho, roho mkononi, na kila siku nilipatia. Kimoja pipa, kimoja mwaga. Wanawake walikuwa wanashusha pumzi pamoja nami. Miezi kumi na moja nilipatia.

Jumatatu hii niliketi kama kawaida. Usiku nilikuwa nimelala mdomo wazi, lakini nilijiambia ni joto. Mwenyekiti akasogeza kikombe cha kwanza chini ya pua yangu. Nikavuta. Akasogeza cha pili. Nikavuta. Nikamwomba arudie, akarudia, kwa subira kabisa, cha kwanza na cha pili. Nilisikia ubaridi wa hewa ikijikaza kupita, na baada ya hapo hakuna. Kulikuwa na njia ya kutokea, naijua. Mwanamke akishika maziwa mabovu mkono wake huwa mbali kidogo na mwili. Ningeweza kufumbua jicho moja.

"Sisikii kitu, abaayo," nikasema.

 Magari yalikuwa yameshafika na jerikeni zimepangwa foleni, na maziwa hayamngoji mtu kwenye joto la Garissa. Nikainuka. Mwenyekiti akavuta kigoda akakaa yeye, akafungua jerikeni ya kwanza, akaiinamia na kuvuta pumzi. Akaniangalia amechanganyikiwa.

"Mimi nasikia moshi tu," akasema. "Niambie. Yale mazuri, chini ya moshi, yananukaje? Niambie niyatafute."

Nikafungua mdomo nimwambie. Miaka minane, kila asubuhi, na tena jana yake, Jumapili. Nikatafuta kichwani, nikatafuta kifuani, wenzangu wote wananingoja, na sikukumbuka.